Mtu amejaribu mlango wa jikoni usiku: tuanze na kamera au na mlango wenyewe?

SWALI: Juzi, kama saa nane usiku, nilisikia kishikio cha mlango wa jikoni kikizungushwa. Nilipowasha taa nikasikia mtu akikimbilia nyuma ya nyumba, kisha kimya. Asubuhi tulikuta nyayo za viatu kwenye tuta la mboga, mikwaruzo karibu na kitasa, na matope juu ya tangi la maji lililoegemea ukuta wa nyuma. Hakuna kilichoibwa. Mlango ni wa mbao, unafunguka kwenda nje, una kioo kidogo kwa juu. Madirisha ni ya alumini ya kuteleza, na ni mawili tu yenye nondo. Tuna stoo ya vifaa vya bustani na geti dogo la nyuma lenye kufuli. Tunaishi na watoto wawili na mama mkwe anayetembea kwa fimbo. Mume wangu anataka kamera nne na uzio wa umeme, ila fedha haitoshi kwa vyote. Tuanze wapi? – Mama wa watoto wawili

JIBU: Pole sana, dada, na poleni nyote, hasa mama mkwe na watoto. Mtu kuzungusha kishikio cha mlango huku watoto wamelala ni jambo la kukosesha usingizi hata kama hakuchukua kijiko. Jibu langu kwa ufupi ni hili: fedha ya kwanza iende kwenye mlango alioushika, ya pili kwenye njia aliyopitia, na kamera zije baada ya hapo. Kamera itakuonyesha mlango ukivunjwa, lakini haitauzuia usivunjike.

Kabla fundi hajagusa chochote, hifadhini alama. Pigeni picha za mikwaruzo na nyayo mara mbili: moja ya mbali inayoonyesha mahali, na moja ya karibu ikiwa na rula kando yake. Nyayo zifunikeni kwa beseni ili mvua na kuku wasizifute. Ripotini polisi ingawa hakuna kilichoibwa, na mwombe namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu. Likitokea jingine, au kwa jirani, tukio la kwanza litakuwa limeandikwa.

Kisha someni alama hizo, maana zinaeleza alichokuwa akijaribu. Mikwaruzo iliyo kwenye ufa kati ya mlango na mwimo (fremu ya mlango) ni ya kubandua mlango kwa nondo au bisibisi. Iliyozunguka tundu la ufunguo inaonyesha alilenga silinda, yaani sehemu ya kitasa inayoingia ufunguo. Iliyo kwenye bawaba ina maana alitaka kung'oa pini. Matope juu ya tangi nayo yanasema wazi: tangi lenu lilikuwa ngazi yake.

MLANGO WA JIKONI

Mlango unaofunguka kwenda nje una sifa moja nzuri: ni mgumu kuuvunja kwa teke, kwa sababu teke linausukuma kwenye mwimo. Lakini una udhaifu wake. Ukingo wake uko wazi, mtu anaweza kuingiza chuma kwenye ufa na kuupanua hadi ulimi wa kitasa utoke kwenye tundu lake. Na pini za bawaba ziko nje, kwake yeye. Kwa hiyo ushauri wa kawaida wa kuzuia teke hautoshi kwenu.

Anzeni kwa kupima ufa. Mlango ukiwa umefungwa, nafasi kati ya ukingo wake na mwimo iwe milimita 2 hadi 3. Ikifika 5, bisibisi nene inaingia bila shida. Halafu pimeni ulimi wa ufunguo ukitoka wote: milimita 20 ndiyo ya kuanzia, 25 ni bora. Vitasa vingi vya bei nafuu vina ulimi wa 12 au 14, na ukitoa ufa wa 5, kinachobaki ndani ya mwimo ni kiasi cha ukucha. Kitasa cha namna hiyo kibadilishwe, hata kama bado kinafunga vizuri.

Kuna kosa jingine ambalo watu huishi nalo miaka mingi bila kujua: tundu lililochimbwa kwenye mwimo ni fupi kuliko ulimi. Ufunguo unazunguka mara moja na kugoma mara ya pili, mwenye nyumba anadhani kitasa ndivyo kilivyo. Pakeni chaki kwenye ncha ya ulimi, fungeni, zungusheni ufunguo, kisha fungueni mtazame. Chaki ikiwa imeachia alama mwisho wa tundu, chimbeni zaidi kwa patasi hadi ulimi uingie wote na kubaki na nafasi ya milimita 2 mbele yake.

Sasa mwimo wenyewe. Kibati kinachopokea ulimi mara nyingi ni bati la milimita 1 lililoshikwa na skrubu mbili za milimita 20. Wekeni kibati cha chuma cha milimita 3, kirefu angalau milimita 200, chenye skrubu sita. Lakini kibati kizuri kwenye mwimo unaocheza hakisaidii. Gongeni mwimo kwa kiganja karibu na kitasa. Ukitoa sauti ya uwazi, nyuma yake hakuna kitu kati ya mbao na ukuta, na chuma kikisukumwa pale mwimo utapinda na kuuachia ulimi. Ingizeni kabari za mbao ngumu nyuma ya mwimo, juu na chini ya kitasa, kisha toboeni kupita mbao hadi ndani ya ukuta, muweke plagi za ukutani na skrubu ndefu. Ikiwa mwimo una unene wa milimita 45, skrubu iwe ya 110 hivi, ili ishike ukuta kwa milimita 60 au zaidi. Wekeni nne kila upande: moja karibu na kila bawaba, na mbili zinazokaribia kitasa kwa juu na kwa chini. Msianze kukaza kabla ya kabari kukaa, kwa sababu skrubu itauvuta mwimo kuelekea ukutani, ufa utapanuka, na mtakuwa mmempa nafasi kubwa zaidi ya ile aliyoikuta. Toboeni kwenye tofali, si kwenye mstari wa saruji unaomong'onyoka.

Baada ya hapo zibeni ufa wenyewe kwa nje. Chukueni chuma bapa chenye upana wa milimita 40 na unene wa 3, kirefu milimita 400, mkifunge kwenye ukingo wa mlango upande wa kitasa kiasi kwamba milimita 15 zinapita na kufunika mwimo mlango ukifungwa. Kifungwe kwa boliti za kichwa cha duara zinazopenya mlango mzima, kichwa kikiwa nje na nati ikiwa ndani. Skrubu za kawaida zinazofungwa kwa nje hazifai, atazifungua kwa bisibisi ileile aliyokuja nayo.

Bawaba ni kazi ya nusu saa na ni muhimu kuliko inavyoonekana. Kwenye bawaba ya juu na ya chini, ondoeni skrubu mbili zinazotazamana, moja ya upande wa mlango na moja ya upande wa mwimo. Upande wa mwimo rudishieni skrubu nene ya chuma ya milimita 75, mwiache ikichomoza, mkate kichwa chake na kupiga tupa, ili kibaki kijiti cha milimita 10. Upande wa mlango panueni tundu kidogo, lenye kina cha milimita 15. Mlango ukifungwa, kijiti kinaingia kwenye tundu. Hata aking'oa pini zote, mlango utabaki umeshikwa upande ule. Ukigoma kufunga, tundu halijalingana na kijiti: lipanueni kidogo kidogo, msiulazimishe mlango, utang'oa bawaba.

Ongezeni makomeo mawili ndani, moja juu na moja chini, kila moja likiwa milimita 150 kutoka mwisho wa mlango, ili mlango usipindike pembeni unapobanduliwa. La chini, hata likibidi kupanda juu ya kipimo hicho, likae mahali ambapo mama mkwe anaweza kulifungua bila kuinama sana. Kama hawezi, wekeni la juu peke yake, tena kwa urefu anaoufikia. Nitaeleza sababu nikifika kwenye moto.

Kuhusu silinda. Kama kitasa chenu kina ile silinda yenye umbo la tundu la ufunguo linaloonekana pande zote mbili, tazameni imechomoza kiasi gani nje ya bamba la kishikio. Silinda hiyo imetobolewa katikati kwa ajili ya skrubu inayoishika, na hapo ndipo penye chuma chembamba kabisa. Ikichomoza vya kutosha kushikwa na koleo, inavunjwa hapo katikati kwa muda mfupi. Isizidi milimita 2 au 3 nje ya bamba. Kuibadilisha ni rahisi: fungua skrubu iliyo kwenye ukingo wa mlango usawa wa silinda, ingiza ufunguo, uzungushe kidogo hadi kile kijino cha katikati kilingane na mwili wa silinda, kisha vuta. Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi kila mwisho. Vipimo viwili vinaweza kutofautiana, kwa mfano 30 kwa 40, na kununua kwa jumla ya urefu peke yake ndiko kunakoleta silinda inayochomoza. Ulizeni iliyo na ulinzi dhidi ya kuvunjwa. Na kama kuna ufunguo uliowahi kupotea, au uliobaki kwa mtu aliyewahi kufanya kazi hapo, badilisheni hata ikiwa silinda ni nzima.

Vitasa vilainishwe kwa unga wa grafiti. Mafuta ya kupikia na ya cherehani hukusanya vumbi, na siku moja ufunguo utagoma wakati mnauhitaji sana.

Kioo kidogo cha juu nacho kina neno. Kama mkono ukipita hapo unaufikia ufunguo au komeo la ndani, kioo hicho ni mlango wa pili. Bandikeni kwa ndani karatasi ngumu ya plastiki angavu ya polikabonati yenye unene wa milimita 5, ifungwe kwa ukanda wa mbao na skrubu pande zote nne. Msiache ufunguo ndani ya kitasa usiku ikiwa chini ya mlango kuna uwazi mkubwa: ile mbinu ya zamani ya kusukuma ufunguo udondokee kwenye karatasi iliyoingizwa chini ya mlango bado inafanya kazi kwenye vitasa vya funguo kubwa.

Na tabia moja ambayo haigharimu kitu: zungusheni ufunguo. Mlango uliovutwa tu umeshikwa na ulimi wa springi, na huo hurudishwa kwa bati jembamba lililopindwa. Kwa maelezo yako, huenda ufunguo ndio uliowaokoa.

MADIRISHA, NA MOTO

Dirisha la kuteleza halivunjwi, linanyanyuliwa. Fremu yake ina nafasi kwa juu ili fundi aweze kuipachika, na mwizi hutumia nafasi hiyohiyo kuitoa. Fungueni dirisha, kisha kwenye mfereji wa juu kazeni skrubu mbili au tatu zikiwa zimechomoza kiasi kwamba dirisha linapita chini yake kwa milimita 2 tu. Halafu kateni mti au bomba la alumini linalolala kwenye mfereji wa chini nyuma ya kioo kinachosogea, fupi kwa milimita 5 kuliko nafasi yenyewe. Mnaotaka hewa usiku, kateni la pili linaloacha upenyo usiozidi milimita 100. Kazi hii mnaweza kuifanya leo, madirisha yote.

Nondo zije baadaye, mkianza na madirisha ya nyuma yasiyoonekana kutoka njiani. Chuma kiwe cha milimita 12 au zaidi, nafasi kati ya nondo na nondo isizidi 120, na chuma bapa cha kukatisha kila milimita 450 hadi 600. Bila hicho cha kukatisha, jeki ndogo ya gari inazitanua nondo mbili kama kuti. Ncha zichimbiwe ukutani milimita 80 na kujazwa zege, au zifungwe kwa boliti za kutanuka za milimita 10 ambazo nati zake zimechomelewa baada ya kukazwa. Boliti hizo zikae mbali na ukingo wa tofali, zikiwa karibu sana zitalipasua zinapotanuka, na mtashikilia nondo kwa plasta.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote. Moto una haraka kuliko mwizi. Kila chumba cha kulala lazima kiwe na dirisha moja ambalo nondo zake zinafunguka kutoka ndani. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka dirisha la kutorokea liwe na uwazi usiopungua mita za mraba 0.33, na upana na kimo visivyopungua milimita 450. Ni kipimo kizuri kwa nyumba yoyote, na milimita 450 kwa 750 inakitimiza. Ufunguo wa nondo hizo uning'inie kwenye msumari ndani ya chumba hichohicho, usawa ambao mtoto anaufikia, lakini pembeni ya dirisha mahali ambapo mkono au fimbo kutoka nje haiwezi kufika. Chumba cha mama mkwe kiwe cha kwanza. Kisha jaribuni usiku, taa zimezimwa: kila mmoja azifungue nondo kwa kupapasa. Kama mtoto hawezi, kufuli hilo halifai, hata liwe imara namna gani. Hii ndiyo sababu ya niliyosema kuhusu komeo la chini: mlango ambao bibi hawezi kuufungua mwenyewe umemfungia yeye.

NJIA ALIYOPITIA

Sogezeni tangi. Likiwa haliwezi kusogea, lizungushieni wavu wa chuma unaopanda juu ya usawa wake, ila acheni mlango wa kulisafishia. Kisha tembeeni ndani ya ukuta mzima mkitazama kwa jicho la mpandaji: mapipa, rundo la matofali, tawi la mti linalovuka ukuta, mbao za mlalo za geti zilizo upande wa nje. Kila kinachompa mguu nafasi kiondoke au kigeuzwe. Pima mita 2 kutoka ukutani pande zote mbili, pasiwe na cha kukanyagia.

Geti la nyuma lichunguzwe bawaba kwanza. Mageti mengi yananyanyuka juu na kutoka yenyewe, kufuli likiwa bado limefungwa. Geuzeni pini ya bawaba ya juu itazame chini, au mchomelee kipete juu ya pini ya chini. Kufuli liwe na mkono mnene wa milimita 10 au zaidi, wa chuma kigumu, na mabega yanayouficha ili mkasi wa chuma usipate pa kuuma. Bamba linaloshika kufuli lifungwe kwa boliti zinazopenya. Na geti likiwa wazi mchana, kufuli lifungwe palepale kwenye kipete chake. Likiachwa linaning'inia wazi, mtu anaweza kulibadilisha na la kwake linalofanana, nanyi mkalifunga jioni bila kujua, naye akarudi usiku na ufunguo wake.

Stoo ifungwe kwa namna hiyohiyo. Ngazi, sururu, koleo na mtaimbo wa mwenye nyumba ni vifaa ambavyo mvunjaji hahitaji kuvibeba kutoka kwake. Ngazi ilale na ifungwe kwa mnyororo.

Bustani yenyewe inaweza kuwa mlinzi. Vichaka vilivyo mbele ya nyumba vikatwe visizidi mita 1, na miti ipunguzwe matawi ya chini hadi mita 2, ili aliye njiani aone mlango na aliye ndani aone njia. Chini ya madirisha pandeni kitu chenye miiba kisichovuka usawa wa kizingiti cha dirisha. Lakini si chini ya yale ya kutorokea, msije mkawatupa watoto miibani. Kando ya ukuta wa nyuma michongoma ni mizuri sana: ipandwe kwa nafasi ya nusu mita hadi mita moja, na ikatwe ncha mapema ili itoe matawi kutoka chini. Ikiachwa ikimbilie juu, itakuwa na uwazi miguuni ambao mtu anapita akitambaa. Inahitaji misimu kadhaa kufunga, kwa hiyo msiitegemee mwaka huu.

Kinachofanya kazi mara moja ni kokoto. Njia ya kuelekea mlango wa jikoni iwekeni kokoto za milimita 14 hadi 20, unene wa milimita 50, juu ya kitambaa cha kuzuia magugu. Njia ya mita 1 kwa 8 inataka meta za ujazo 0.4, yaani takriban kilo 600. Ndogo zaidi ya hapo zinashikana na kunyamaza, na unene ukizidi toroli na fimbo ya mama mkwe vitazama, kwa hiyo mwachieni upande mmoja vigae vya kukanyaga. Hata hivyo tuta lenu la mboga limewafundisha jambo: udongo laini hutunza habari. Acheni ukanda wa nusu mita chini ya ukuta wa nyuma, mupige reki kila jioni. Asubuhi mtajua kama kuna aliyeruka, na hapo ndipo wasiwasi mwingi wa usiku utakapopata jibu.

Taa ya sensa iwekwe mita 2 hadi 2.5 kutoka chini, ikitazama chini, ikiwaka kwa dakika 3 hivi. Sensa hizi huona joto linalosogea kukatisha mbele yake kuliko linaloijia moja kwa moja, kwa hiyo ifungeni ili mtu anayetoka ukutani kwenda jikoni akatishe. Matawi yaliyopashwa joto na jua na yanayotikiswa na upepo huiwasha ovyo, na usiku wenye joto linalokaribia la mwili wa binadamu huipunguzia uwezo wa kuona. Ikiwa ni ya sola, paneli ipate jua la moja kwa moja kwa muda wa saa tano au sita kila siku na ifutwe vumbi. Taa nyingi zinazodaiwa kuwa mbovu zina uchafu tu, au paneli yake iko kivulini mwa paa. Msiweke taa kali sana inayoelekea macho yenu wenyewe: nyuma ya mng'ao huo kuna giza ambalo hamtaona aliyesimama ndani yake.

KAMERA NA UZIO

Mume wako hajakosea kutaka kamera, ila mbili zilizowekwa vizuri zinashinda nne za kubahatisha. Hesabu ni hii. Ili uso wa mgeni utambulike, kipimo kinachotumika ni nukta 250 za picha kwa kila mita ya upana wa eneo. Kamera ya kawaida ina nukta 1920 kwa upana, kwa hiyo eneo lake lisizidi mita 7.5 hivi. Lenzi pana ya milimita 2.8 inaona upana huo ikiwa mita 3 tu mbele yake. Zaidi ya hapo utaona mtu amevaa kofia, basi. Kamera moja iwe karibu na mlango wa jikoni, ikipata uso wa anayesimama pale. Nyingine yenye lenzi ya milimita 6 itazame ukuta wa nyuma, itawapa utambuzi hadi mita 8 hivi. Zifungwe mita 2.5 hadi 3 kutoka chini. Zikiwa juu sana zitapiga picha ya utosi.

Msiifunge karibu na ukuta mweupe au nyuma ya kioo, mwanga wake wa usiku utarudi na kuipofusha. Futeni utando wa buibui kila mwezi, buibui hupenda joto la kamera na utando wake huwaka kama ukungu. Kamera inayorekodi muda wote kwa megabiti 2 kwa sekunde inatumia gigabaiti 21 hivi kwa siku, hivyo diski ya terabaiti 1 itatunza kamera mbili kwa siku 23 hivi. Badilisheni nywila ya kiwandani siku hiyohiyo, kinasio (kifaa kinachohifadhi picha) kifichwe mbali na sebule, na saa yake iwe sahihi. Zisitazame uani kwa jirani.

Kengele ndogo yenye sensa za sumaku milangoni na king'ora kikali ndani ya nyumba, kwa maoni yangu, ina thamani kuliko kamera ya tatu. Sumaku na sensa visitengane zaidi ya milimita 10 mlango ukifungwa, na betri ya akiba ibadilishwe kila miaka mitatu hadi mitano, maana umeme ukikatika usiku ndipo mtajua kama imekufa.

Uzio wa umeme usubiri. Unahitaji fundi anayeujua, ardhi nzuri ya umeme (nondo za chuma zinazoupeleka umeme udongoni), mabango ya onyo, na kufuata sheria ya mahali mnapoishi, halafu kila tawi linalougusa linaudhoofisha. Kuvuta waya kutoka kwenye soketi ya nyumba hadi ukutani ni kuua, na anaweza kufa mtoto wenu. Vipande vya chupa juu ya ukuta hufunikwa kwa gunia moja. Msipoteze saruji.

USIKU AKIRUDI

Ulifanya vizuri kuwasha taa. Alikimbia kwa sababu alijua ameonekana. Asitoke mtu kwenda kumtafuta, hata baba mwenye nyumba. Aliye gizani anamwona anayetoka kwenye mwanga, na aliyebanwa asiye na pa kukimbilia ndiye anayedhuru. Washeni taa za nje, piga kelele au king'ora, mwachie njia ya kuondokea.

Chagueni chumba kimoja, na kwenu kiwe cha mama mkwe kwa sababu yeye hawezi kukimbia: wengine wote wamwendee yeye. Mlango wake uwe na komeo, ndani kuwe na tochi, simu yenye chaji, na namba za polisi na za majirani wawili zilizoandikwa kwenye karatasi ukutani. Waambieni majirani hao kilichotokea, mkubaliane ishara ya sauti. Picha za mtu mnayemshuku zipelekeni polisi, msizisambaze mitandaoni. Kumtaja mtu asiye mwenyewe kunaweza kumgharimu maisha.

Watoto waambieni ukweli kwa maneno machache, kisha wapeni kazi: mmoja awe wa kuzungusha ufunguo wa jikoni kila jioni mbele yenu, mwingine wa kulaza vile vijiti kwenye mifereji ya madirisha. Fanyeni zoezi la kwenda chumbani kwa bibi mara mbili wiki hii, la kwanza mchana, la pili taa zikiwa zimezimwa, na muangalie ni nani anajikwaa na wapi.